Zaidi ya Sauti na Maruweruwe: Historia ya Upimaji wa Utambuzi katika Skizofrenia

Familia nyingi zinazomuuguza mtu mwenye skizofrenia hulifahamu jambo hili kabla ya kuambiwa na daktari. Kijana ametoka hospitali, anameza dawa kwa wakati, sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza na hofu ya kuandamwa imemtoka. Majirani wanasema amepona. Lakini akitumwa dukani kununua vitu vitatu anarudi na kimoja. Akirudi chuoni, mhadhara unampita. Akipata kazi, wiki haijaisha mwajiri anaanza kulalamika kwamba hasikilizi. Hapo ndipo lawama huanza: mvivu huyu, amedeka, hataki kujisaidia.

Wataalamu wanalijua tatizo hilo kwa jina la upungufu wa utambuzi. Ni udhaifu wa kumbukumbu, umakini, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo, na huwapata wagonjwa wengi wa skizofrenia. Sayansi iliuona mapema, ikauweka kando kwa miongo kadhaa, kisha ikaurudia ikiwa na vipimo bora zaidi. Safari hiyo imechukua zaidi ya miaka 120, na hasara ya kuchelewa kwake imebebwa na wagonjwa wenyewe.

Leipzig hadi Heidelberg, 1879–1899

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Mambo yaliyokuwa yakijadiliwa na wanafalsafa, kama vile muda anaouchukua mtu kuitikia mlio au mwanga, yakaanza kupimwa kwa vyombo. Miongoni mwa vijana waliovutwa na kazi hiyo alikuwemo daktari Emil Kraepelin, aliyezaliwa mwaka 1856. Madaktari wa akili wa zama zake walitegemea hadubini na upasuaji wa maiti. Kraepelin alitaka wapime pia kazi ya akili ya mtu aliye hai.

Kipimo chake mashuhuri kilihitaji kalamu, saa na daftari tu. Kurasa zilijaa tarakimu zilizopangwa kwa safu ndefu, na mpimwaji akatakiwa ajumlishe kila tarakimu na inayoifuata, mfululizo, bila kupumzika. Kila baada ya dakika chache aliashiriwa aweke alama pale alipofikia. Baadaye mtafiti alihesabu na kuchora mstari wa kazi: hapa kasi imepanda kwa sababu mkono umezoea, hapa imeshuka kwa uchovu, hapa imepanda tena kwa kuwa mtu ameona mwisho umekaribia. Kwa njia hiyo Kraepelin alichunguza athari za pombe, chai, uchovu na mapumziko juu ya akili.

Mwaka 1886 alipata uprofesa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, na mwaka 1891 akahamia Heidelberg. Huko aliandika kadi ya kila mgonjwa, akamfuatilia kwa miaka ili aone mwisho wake ukoje. Toleo la sita la kitabu chake, lililotoka mwaka 1899, liliyagawa magonjwa makubwa ya akili katika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la watu waliopandwa na furaha kupita kiasi au kuzama katika huzuni, kisha wakarudi katika hali yao. La pili lilikuwa la vijana ambao akili yao ilidhoofika na haikurudi ilivyokuwa. Hilo aliliita dementia praecox, maana yake upungufu wa akili unaokuja mapema.

Kraepelin aliona sawasawa kwamba ugonjwa huu hugusa uwezo wa kufikiri na kuamua, na kwamba maruweruwe ni sehemu moja tu ya habari. Ila wagonjwa aliowafuatilia walikuwa wa hospitalini, na wengi walikuwa katika hali mbaya. Jina alilolitoa likawa hukumu. Daktari aliyemwandikia kijana wa miaka 20 maneno hayo alikuwa anaiambia familia isitarajie lolote.

Zürich, 1908–1911

Upinzani ulitoka Uswisi. Eugen Bleuler, mkuu wa hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, alikuwa ameishi miaka mingi karibu mno na wagonjwa wake. Alipokuwa katika hospitali ya Rheinau, kabla ya kupewa Burghölzli mwaka 1898, alikula nao, akafanya nao kazi na kuwasikiliza. Aliona mengi ambayo ziara fupi ya wodini haiyaoni. Mtu aliyekaa kimya kwa miezi aliweza siku moja kueleza kwa usahihi yaliyotokea chumbani muda wote huo. Wapo waliotoka na kurudi makazini.

Kwa hiyo mwaka 1908, katika mhadhara mjini Berlin, Bleuler alipendekeza jina jipya, skizofrenia, na mwaka 1911 akalitolea kitabu. Kwa maoni yake kiini cha ugonjwa kilikuwa kulegea kwa kamba zinazounganisha wazo na wazo. Kumbukumbu yenyewe, alisema, kwa kawaida haiharibiki.

Mabadiliko hayo yaliwafungulia wagonjwa mlango wa matumaini, na kwa hilo Bleuler anastahili heshima. Lakini wanafunzi na wafuasi wake walishika nusu ya mafundisho. Kwa miaka 50 iliyofuata, madaktari wengi waliamini kwamba akili ya mgonjwa wa skizofrenia ni nzima na imefichwa tu nyuma ya maruweruwe. Kwa imani hiyo, kupima kumbukumbu yake kulionekana ni kupoteza muda.

Worcester, 1928–1946

Aliyeendelea kupima ni David Shakow, mwanasaikolojia aliyezaliwa New York mwaka 1901. Mwaka 1928 aliingia katika Hospitali ya Serikali ya Worcester, jimbo la Massachusetts, akaongoza utafiti wa saikolojia huko hadi mwaka 1946. Chombo chake kikuu kilikuwa swichi na taa.

Mgonjwa aliketi akiwa ameshikilia swichi kwa kidole. Alipewa ishara ya kujiandaa, akangoja, na taa ilipowaka akaachia haraka awezavyo. Muda wa kungoja ulibadilishwa: mara sekunde moja, mara sekunde kadhaa. Ilipofika zamu ambapo muda wa kungoja ni uleule kila mara, mtu asiyeugua aliuzoea na kuitikia upesi zaidi, maana alijua taa inakaribia. Wagonjwa walinufaika na mpangilio huo pale tu muda wa kungoja ulipokuwa mfupi. Ukirefuka kwa sekunde chache zaidi, faida ilipotea, na wakati mwingine waliitikia polepole kuliko pale muda ulipokuwa haufuati utaratibu wowote. Eliot Rodnick na Shakow walichapisha matokeo hayo mwaka 1940.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana. Shakow alionyesha kwamba mgonjwa anaelewa anachotakiwa kufanya na ana nia ya kukifanya, ila anashindwa kuushikilia utayari akilini kwa muda unaohitajika. Aliusoma udhaifu huo katika mashine, tarakimu kwa tarakimu, wakati wenzake wengi walikuwa wakiutafuta katika ndoto na malezi ya utotoni.

Nairobi, 1938–1954

Katika miaka hiyohiyo, Afrika Mashariki ilishuhudia jinsi elimu ya ubongo inavyoweza kupotoshwa. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliiweka chini ya J. C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipopewa kazi hiyo.

Huko Ulaya na Marekani ulikuwa wakati wa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo, ulioanzishwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1935. Waliopasuliwa hivyo walipoteza uwezo wa kupanga na kuona mbele. Mwaka 1951 Carothers aliandika makala akidai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana kitabia na Mzungu aliyepasuliwa hivyo, kana kwamba Mwafrika haitumii sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamtumia kueleza kwamba Mau Mau ni tatizo la saikolojia, wakati watu walikuwa wakidai ardhi na uhuru wao.

Hakuwa na kipimo cha kuthibitisha madai hayo. Aliwatazama watu waliofungiwa wodini na walio chini ya utawala wa kigeni, akaamua kwamba tabia aliyoiona ni maumbile yao. Daktari wa akili Frantz Fanon alimkosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Naye Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alimjibu kwa vitendo: kuanzia mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, aliwatibu wagonjwa wakiishi vijijini pamoja na ndugu zao, akaonyesha kwamba wanapona na kufanya kazi. Kila anayetaka kupima akili za watu wa Afrika Mashariki leo anapaswa kuikumbuka Mathari ya Carothers, kwa sababu kosa la kudhania badala ya kupima lilifanyika hapahapa kwetu.

Paris, 1952: dawa na usahaulifu

Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walitangaza matokeo ya dawa ya klopromazini, ambayo wengi Afrika Mashariki wanaijua kama Largactil. Wodi zilizokuwa na kelele usiku na mchana zilitulia. Wagonjwa waliofungwa kwa miaka walifunguliwa. Marekani, hospitali za serikali za magonjwa ya akili zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000 mwaka 1955, na idadi hiyo ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka.

Mafanikio hayo hayana ubishi. Lakini yalibadilisha maana ya kupona. Dawa ilizima sauti na imani potofu, basi sauti na imani potofu zikawa ndicho kipimo cha kila tiba. Fomu za daktari ziliuliza: bado unasikia watu wakikusema? Hazikuuliza kama mtu anaweza kufuata mazungumzo au kusoma gazeti akakumbuka alichokisoma. Mgonjwa akionekana mzito, ilisemwa ni dawa, au ni kukaa wodini muda mrefu, au hana hamu.

Wapo waliochunguza kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye majeraha ya ubongo, wakakuta jambo la kutatanisha. Mapitio ya Robert Heaton na wenzake ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba vipimo hivyo havikuweza kuwatofautisha wagonjwa wa skizofrenia sugu na watu wenye ubongo ulioharibika. Wakati huo wengi waliona kasoro hiyo ni ya vipimo. Maelezo mengine, kwamba skizofrenia yenyewe huathiri kazi ya ubongo, yalikuwa yameshaanza kupata ushahidi kutoka London.

Cape Town na London, 1956–1976

Ushahidi huo una mzizi wake Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akifundisha Cape Town, alipewa kazi ya muda ya kusimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur. Akajiuliza jinsi ya kukokotoa kilichomo ndani ya mwili kutokana na mionzi iliyopita humo kutoka pande nyingi. Hesabu zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT ya ubongo mjini London. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mwaka 1976 Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao wa Northwick Park, London, waliitumia mashine hiyo kwa wagonjwa 17 wa skizofrenia sugu. Vyumba vya maji vilivyomo katikati ya ubongo vilikuwa vikubwa kuliko vya watu wasiougua. Tena walioonekana kuwa na vyumba vikubwa zaidi ndio waliofanya vibaya zaidi katika vipimo vya utambuzi. Utafiti ulikuwa mdogo, ila ulirudiwa kwingi na kuthibitishwa. Tangu hapo ikawa vigumu kulaumu malezi ya mama au uvivu wa mgonjwa.

Kadi zinazobadilika, 1948–1992

Swali likahamia kwenye kazi za ubongo: ni ipi inayodhoofika? Kipimo kilichotumika sana kilibuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1948 na Esta Berg na David Grant. Mezani huwekwa kadi nne: moja ina pembetatu nyekundu, ya pili nyota mbili za kijani, ya tatu misalaba mitatu ya njano, ya nne duara nne za buluu. Mpimwaji hupewa rundo la kadi, kila moja aiweke chini ya mojawapo ya zile nne. Haambiwi kanuni. Huambiwa tu kila mara: sawa, au si sawa. Baada ya kubahatisha kidogo hugundua kwamba zinapangwa kwa rangi. Akipata kumi mfululizo, kanuni hubadilishwa kimyakimya, ikawa umbo, na baadaye idadi. Anayeendelea kupanga kwa rangi huku akiambiwa si sawa, si sawa, anaonyesha kwamba akili yake imenasa kwenye kanuni ya zamani.

Mwaka 1963 Brenda Milner wa Montreal aliwapa kipimo hicho watu waliofanyiwa upasuaji wa ubongo kwa ajili ya kifafa, akaona kwamba walioondolewa sehemu ya mbele ndio walionasa zaidi. Mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake mjini Washington waliwapa wagonjwa wa skizofrenia kadi hizo huku wakipima mtiririko wa damu kichwani kwa gesi ya zenoni. Kwa watu wasiougua, damu iliongezeka katika sehemu ya mbele na ya kando ya ubongo wakati wa kupanga kadi. Kwa wagonjwa haikuongezeka hivyo.

Mwaka uliofuata mwanasaikolojia wa ubongo katika kundi hilo, Terry Goldberg, alijaribu kuwafundisha wagonjwa wa muda mrefu. Alipowaelekeza kadi kwa kadi, waliweza. Maelekezo yalipokoma, wakarudi walikoanzia. Matokeo hayo yaliwavunja wengi moyo, maana yalidokeza kwamba udhaifu huu haufundishiki. Hata hivyo utafiti wa Alan Bellack mwaka 1990 na wa Michael Green mwaka 1992 ulionyesha kwamba mafundisho yaliyopangwa vizuri, yakiambatana na malipo kidogo kwa kila jibu sahihi, huwainua wengi. Lile lililodhaniwa kuwa limefungwa likaanza kusogea, na mafunzo ya utambuzi yakapata msingi wake hapo.

Los Angeles, 1996: swali la maisha

Michael Green, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiye aliyeuliza swali ambalo familia zilikuwa zikiliuliza siku zote: udhaifu huu una uhusiano gani na maisha ya kila siku? Mwaka 1996 alikusanya tafiti zilizokuwepo, akatafuta ni nini kinachotabiri kama mgonjwa ataweza kuishi na watu, kutatua matatizo na kujifunza stadi mpya. Kumbukumbu ya maneno ilihusiana na karibu kila jambo. Umakini nao ulikuwa na uzito wake. Wingi wa sauti na imani potofu, ambao madaktari walikuwa wamepambana nao kwa miaka 40, ulikuwa na uhusiano mdogo mno na mafanikio hayo.

Mwaka 1998 Walter Heinrichs na Konstantine Zakzanis wa Toronto walijumlisha tafiti 204 zenye wagonjwa zaidi ya 7,000. Upungufu ulionekana katika kila eneo lililopimwa, na mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kumbukumbu ya maneno. Si kwamba kila mgonjwa alikuwa chini. Wapo waliofanya kama watu wengine, ingawa huenda wangefanya vizuri zaidi kama wasingeugua.

Je, udhaifu huanza lini? Jibu lilitoka New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin kati ya mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 na Abraham Reichenberg na wenzake ulionyesha kwamba waliokuja kuugua skizofrenia ukubwani walikuwa nyuma katika kufikiri kwa maneno tangu wakiwa na miaka 7, na katika kasi na umakini waliachwa zaidi kadiri walivyokua. Upungufu ulitangulia ugonjwa, ulitangulia dawa, ulitangulia wodi.

Wakati huohuo uchunguzi ulivuka mipaka ya skizofrenia. Kundi la Eduard Vieta na Anabel Martínez-Arán mjini Barcelona lilionyesha kwamba wagonjwa wa baipola, ugonjwa wa lile kundi la kwanza la Kraepelin, hubaki na udhaifu wa kumbukumbu na upangaji hata wanapokuwa wametulia. Kwenye sonona pia, umakini na kumbukumbu huweza kubaki chini baada ya huzuni kuondoka. Mstari uliochorwa na Kraepelin mwaka 1899 kati ya wanaopungukiwa na wasiopungukiwa haukuwa mkali kama alivyodhani.

Kipimo kimoja, 2002–2008

Kama utambuzi ndio unaoamua maisha, kwa nini hapakuwa na dawa yake? Sababu moja ilikuwa kwamba kila mtafiti alitumia kipimo chake, na mamlaka ya dawa ya Marekani haikuwa na msingi wa kuidhinisha. Mwaka 2002 taasisi ya taifa ya afya ya akili ya nchi hiyo ilikipa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mradi wa kutafuta makubaliano, ulioitwa MATRICS. Stephen Marder na Green waliuongoza, naye Keith Nuechterlein akasimamia uteuzi wa vipimo.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, ni mkusanyiko wa vipimo kumi vinavyogusa maeneo saba: kasi ya kufikiri, umakini, kushikilia mambo akilini wakati wa kuyafanyia kazi, kujifunza maneno, kujifunza picha, kutatua matatizo, na kuwaelewa watu wengine. Vyote huchukua kama saa moja. Katika kimoja, mpimaji husoma maneno 12, na mpimwaji huyarudia kadiri anavyokumbuka; zoezi hurudiwa mara tatu. Katika kingine, mtu hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Hivi vinaweza kufanyika chini ya mwembe. Ila cha hisia na mahusiano kilijengwa juu ya maisha ya Kimarekani, na viwango vya kulinganishia vilitoka kwa Wamarekani 300. Alama ya mtu wa Lindi au Kisumu ikilinganishwa na viwango hivyo bila marekebisho, tutakuwa tunarudia kosa la Carothers kwa kutumia kompyuta.

Vidonge na mazoezi, 2005–2025

Dawa mpya za miaka ya 1990 zilisifiwa kwamba zinanoa akili. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE ulipochambuliwa mwaka 2007, faida ilikuwa ndogo, na dawa ya zamani, perfenazini, haikuwa nyuma ya mpya. Mwaka huohuo Goldberg alitoa hoja nzito zaidi: wagonjwa walioanza dawa mpya walipanda alama kwa kiasi kilekile ambacho watu wasiougua walipanda kwa kurudia kipimo. Kilichoonekana kama kazi ya dawa kilikuwa mazoea tu.

Majaribio ya vidonge vya utambuzi yaliendelea kuanguka. Enseniklini ilishindwa mwaka 2016. Iklepertini ya kampuni ya Boehringer Ingelheim ilitia moyo katika majaribio ya kati, lakini Januari 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba majaribio makubwa matatu hayakufikia lengo. Hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kutibu upungufu huu.

Kilichofanya kazi ni mafunzo. Til Wykes wa King's College London na wenzake walichambua mwaka 2011 tafiti 40 zenye washiriki 2,104. Mgonjwa hukaa na mkufunzi mara kwa mara kwa wiki kadhaa, akafanya mazoezi ya kumbukumbu na kupanga, akianza na mepesi na kufundishwa mbinu: kurudia kwa sauti, kugawa kazi vipande, kuandika. Faida ilikuwa ya wastani na ilidumu. Iliongezeka sana pale mazoezi yalipounganishwa na kazi halisi. Susan McGurk nchini Marekani alikuwa ameshaonyesha mwaka 2005 kwamba wagonjwa waliowahi kushindwa makazini, wakipata mazoezi haya pamoja na msaada wa ajira, hupata kazi na kudumu nazo kuliko wanaopewa msaada wa ajira peke yake.

Nao uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022, sasa unamruhusu daktari kuandika ukubwa wa dalili za utambuzi kando ya maruweruwe. Alichokiona Kraepelin kimerudi kwenye karatasi ya daktari, safari hii bila hukumu ya kukata tamaa.

Kazi iliyobaki kwetu

Kliniki nyingi za Afrika Mashariki bado zinauliza maswali ya mwaka 1952. Mgonjwa huulizwa kama analala na kama anasikia sauti, anapewa dawa za mwezi, anaondoka. Lakini kumsomea maneno 12 na kumwomba ayarudie hakuhitaji mashine wala umeme. Kunahitaji orodha iliyotungwa na Waswahili kutokana na maneno ya Kiswahili, iliyojaribiwa kwa watu wetu wa mjini na shamba, waliosoma na wasiosoma. Vyuo vyetu vya tiba vina uwezo wa kuifanya kazi hiyo, na vinapaswa kuifanya.

Wewe unayemuuguza ndugu, usingoje vyuo. Mweleze daktari kuhusu usahaulifu na umakini wake kama unavyoeleza kuhusu usingizi. Uliza kama dawa ya kuzuia mtetemeko anayopewa, kwa mfano benzeksoli, bado inahitajika, kwa kuwa inajulikana kudhoofisha kumbukumbu. Usimwachishe mwenyewe bila ushauri. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, mwandikie kwenye karatasi, mwekee ratiba isiyobadilika, mtafutie kazi yenye hatua chache na umsimamie kwa upole. Na akirudi kutoka dukani na kitu kimoja kati ya vitatu, usimwite mvivu. Sayansi imeshathibitisha kwamba si uvivu.